Remington: bunduki nzuri, hesabu mbovu

Septemba 2020 mahakama ya ufilisi katika jimbo la Alabama, Marekani, iliidhinisha kampuni ya Remington iuzwe vipande vipande. Kampuni hiyo ilikuwa na umri wa miaka 204. Kiwanda chake cha risasi kilichoko Lonoke, jimbo la Arkansas, kilichukuliwa na Vista Outdoor kwa dola milioni 81.4. Bunduki za jina la Marlin, ambazo Remington ilizinunua miaka 13 kabla, zilikwenda kwa Ruger kwa takriban dola milioni 30. Biashara yenyewe ya bunduki za Remington, pamoja na kiwanda kikongwe cha Ilion katika jimbo la New York, ilipata dola milioni 13 kutoka kwa kundi la Roundhill.

Milioni 13 ni fedha ndogo mno kwa jina kama hilo. Wala haiwezi kusemwa kwamba wateja walikuwa wameadimika. Mwaka huo huo wa 2020 shirika la upelelezi la FBI lilifanya ukaguzi takriban milioni 39.7 kuhusiana na silaha, idadi ambayo haikuwa imepata kufikiwa. Maduka ya bunduki yaliishiwa mali, na watengenezaji wengine walikuwa wakiongeza zamu. Remington iliingia mahakamani Julai, katikati ya mavuno.

Wapenzi wa bunduki hulieleza jambo hili kwa masikitiko, kana kwamba ni msiba wa ukoo. Mwekezaji hana sababu ya kulia. Anachotakiwa kujua ni jinsi kampuni yenye bidhaa iliyosifiwa dunia nzima ilivyofikia bei ya namna hiyo. Jibu limo katika madeni, na kwa sehemu limo katika tabia ya bunduki yenyewe.

Eliphalet Remington alianza mwaka 1816 katika kiwanda cha uhunzi cha baba yake, na mwaka 1828 akahamia Ilion, kando ya mfereji wa Erie, ambako chuma kiliingia na mitutu ikatoka kwa mashua. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kampuni iliuza bunduki zake za kijeshi kwa Denmark, Sweden, Hispania na Misri. Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na jiji la New York, Wamarekani walishindana na Waayalandi kwa kulenga shabaha za yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walitumia bunduki za Rigby, jina ambalo wawindaji wa Afrika Mashariki walikuja kulijua vizuri baadaye. Wamarekani, wakitumia Remington na Sharps, walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Sifa ya masafa marefu ilianzia hapo.

Miaka 12 tu baadaye kampuni hiyo ilikuwa chini ya mfilisi. Oda za majeshi zilikuwa zimekauka, na familia ilikuwa imetapanya mtaji katika vyerehani, zana za kilimo na mashine za taipu. Biashara ya taipu iliuzwa mwaka 1886, na ndiyo iliyolifikisha jina la Remington kwenye meza za makarani katika ofisi nyingi ambazo hazikupata kuona bunduki yake. Mwaka 1888 bunduki zikanunuliwa na mfanyabiashara Marcellus Hartley. Kwa hiyo ufilisi wa 2018 na ule wa 2020 haukuwa jambo geni katika nyumba hiyo.

Du Pont, kampuni ya kemikali, ilishika hisa nyingi za Remington kuanzia 1933 hadi ilipoiuza mwaka 1993. Katika kipindi hicho kirefu cha mwenye mali mmoja mwenye mfuko mzito, bunduki iliyojenga jina la sasa ilizaliwa. Model 700 ilitoka mwaka 1962, ikiendeleza kazi ya mhandisi Mike Walker iliyoanza na Model 721 na 722 za mwaka 1948. Kiwiliwili chake ni cha duara, mfano wa bomba. Umbo hilo ni rahisi kuchongwa kwa mashine, na kwa hiyo ni nafuu kutengeneza. Pia hukaa sawasawa kwenye kitako, jambo linalosaidia shabaha. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani liliichukua mwaka 1966 kwa jina la M40. Jeshi la nchi kavu likafuata mwaka 1988 na M24. Mwaka 2010 likaagiza M24 zake zigeuzwe zitumie risasi kubwa zaidi ya .300 Winchester Magnum. Machi 2013 Remington ilishinda zabuni ya takriban dola milioni 80 kutengeneza bunduki 5,150 za masafa marefu kwa ajili ya vikosi maalumu, zenye uwezo wa kubadilishiwa mtutu ili kutumia hata risasi ya .338 Lapua Magnum.

Bidhaa, basi, ilikuwa nzuri. Lakini ubora huo ulikuwa na pande mbili. Bunduki ya mwaka 1962 iliyotunzwa vizuri bado inafanya kazi, na mwenyewe hana haja ya kununua nyingine. Anachonunua tena na tena ni risasi, ndiyo maana Lonoke ilikuwa na bei ya mara sita ya Ilion. (Novemba 2024 biashara ya risasi ya Vista, Remington ikiwa mojawapo tu ya majina yake, iliuzwa kwa kundi la CSG la Jamhuri ya Czech kwa dola bilioni 2.2 hivi.) Isitoshe, umbo la Model 700 likawa kipimo cha soko zima. Viwanda kadhaa vinatengeneza vitako, vifyatulio na hata viwiliwili kamili vinavyofuata vipimo vyake. Mlenga shabaha anaweza kujenga bunduki nzima ya mfano wa 700 bila senti moja kwenda Remington.

Hata jina la Creedmoor limewapita. Mwaka 1997 Remington iliingiza sokoni risasi ya .260 Remington, ya milimita 6.5. Miaka kumi hivi baadaye Hornady ikaja na ya kwake ya kipenyo hicho hicho, ikaiita 6.5 Creedmoor, kwa uwanja ule ule wa mwaka 1874, na hiyo ndiyo iliyoteka soko la masafa marefu.

Kuna pia suala la kifyatulio. Hati zilizojitokeza katika kesi zinaonyesha kwamba Walker mwenyewe aliwahi kupendekeza kizuizi cha usalama ambacho kingegharimu senti tano na nusu kwa kila bunduki, na pendekezo hilo halikufuatwa. Kampuni ilikanusha siku zote kwamba kifyatulio kina kasoro. Hata hivyo, ilikubali suluhu iliyohusu bunduki zipatazo milioni 7.5. Senti tano na nusu ni aina ya akiba ambayo mhasibu huisifu kwa mwaka mmoja na mawakili huila kwa miaka 40.

Hayo yote kampuni ingeweza kuyabeba. Mzigo uliouvunja mgongo wake ulikuja mwaka 2007, pale kampuni ya uwekezaji ya Cerberus ilipoinunua kwa dola milioni 118 taslimu na kuchukua madeni ya dola milioni 252. Remington ikaunganishwa na Bushmaster, Marlin na nyinginezo chini ya jina la Freedom Group. Mwaka 2009 Freedom Group iliomba kuuza hisa kwa umma, kisha mwaka 2011 ikaliondoa ombi hilo. Mwekezaji mdogo aliponea chupuchupu. Katikati ya hapo, mwaka 2010, kampuni mama ilikopa dola milioni 225, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatumika kununua hisa za upendeleo zilizokuwa mikononi mwa Cerberus wenyewe. Ni sawa na mtu kununua basi, akaliweka basi hilo rehani benki, fedha akatia mfukoni, na kumwachia dereva na kondakta walipe deni kwa nauli za abiria.

Maadamu abiria walikuwepo, deni lililipika. Mwaka 2013, watu walipohofu kwamba serikali itabana sheria za silaha, mauzo yalipita dola bilioni 1.2. Mwaka uliofuata yakashuka chini ya bilioni moja. Baada ya uchaguzi wa 2016 hofu hiyo iliyeyuka, na mauzo ya 2017 yakawa takriban dola milioni 600, kutoka milioni 865 za mwaka uliotangulia. Riba haikushuka. Machi 2018 kampuni ilikimbilia mahakamani ikiwa na madeni yaliyokaribia dola bilioni moja. Zaidi ya milioni 700 zilifutwa na wakopeshaji wakageuka wenye hisa. Miaka miwili baadaye walikuwa na hisa za kampuni isiyokuwepo.

Wapo wanaoshikilia kwamba kilichoiua Remington ni kesi ya Sandy Hook, shule ambayo Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa bunduki ya Bushmaster. Hoja hiyo haiendi na tarehe wala na malipo. Suluhu ya dola milioni 73 ilifikiwa Februari 2022, baada ya mali kuwa imekwisha kuuzwa, na ililipwa na makampuni ya bima. Kesi iliwafukuza wanunuzi na mabenki, hilo ni kweli. Lakini kampuni isiyodaiwa ingeweza kusubiri wanunuzi wengine.

Mfano ni Ruger, iliyoanzishwa 1949, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la New York. Wateja wake ni wale wale, na hofu zinazopandisha na kushusha mauzo yake ni zile zile. Mwaka 2015 iliingia katika masafa marefu kwa Ruger Precision Rifle, iliyotangazwa kwa bei ya takriban dola 1,400, ikiwemo ya 6.5 Creedmoor. Kampuni hii haikujitwisha madeni ya muda mrefu, na gawio lake hufuata faida ya kila robo mwaka, kwa kiasi cha asilimia 40 hivi. Faida ikishuka, gawio hushuka, na mwenye hisa hununa, lakini kiwanda hakifungwi. Ndiyo Ruger iliyokuwa na fedha mkononi siku ya mnada.

Ilion haikubahatika hivyo. Oktoba 2020 wafanyakazi 585 waliachishwa kazi bila kiinua mgongo, na bima yao ya afya ikakatwa mwisho wa mwezi. Wenye kiwanda wapya, kwa jina la RemArms, walikifungua tena kwa idadi ndogo ya watu, kisha wakahamishia makao makuu LaGrange, jimbo la Georgia. Machi 2024 kiwanda cha Ilion kilifungwa, na wafanyakazi wapatao 270 waliobaki wakaenda nyumbani.