Mwili Haupumzishwi kwa Kuacha Vidonge

Mwanamke akianza vidonge vya majira akashikwa na kichefuchefu, kichwa kikamuuma, matiti yakajaa na matone ya damu yakamtoka katikati ya mwezi, ushauri wa wifi, shoga, hata wa muuza duka la dawa, huwa mmoja: vimekukataa, acha kwanza, upumzishe mwili miezi miwili mitatu, damu isafike, ndipo ujaribu vya aina nyingine. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, sina shaka. Lakini ni ushauri mbaya, na anayeulipia ni yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Kwani kinachosafishwa ni nini? Homoni za vidonge hazirundikani tumboni wala kwenye damu. Ini huzivunja, na ndani ya siku chache zimekwisha mwilini. Ndiyo maana kidonge humezwa kila siku, saa ileile. Zikizidi siku 7 bila homoni, yai linaweza kuanza kupevuka. Basi miezi mitatu ya kupumzika ni miezi mitatu bila kinga, na mume yumo ndani.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mapumziko hayo humrudishia mama mateso yaleyale. Maudhi mengi ya vidonge huwa makali katika miezi 3 ya kwanza, kisha hupungua kadiri mwili unavyozoea. Anayeacha mwezi wa pili na kuanza tena mwezi wa tano amejirudisha mwanzo wa njia. Wala si kichefuchefu peke yake. Vidonge vyenye estrojeni vina hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kugandisha damu kwenye mishipa. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi mwanzoni mwa matumizi, na hupanda tena mwanamke akikaa wiki 4 au zaidi bila vidonge kisha akavirudia. Aliyeacha ili aulinde mwili anaupitisha tena palepale alipokwisha kupavuka.

Sisemi avumilie. Hapa kliniki zetu nazo zina la kujibu. Tumezoea kuyaita mateso hayo “maudhi madogo madogo”, na jina hilo limewapa baadhi ya wahudumu ruhusa ya kusema “utazoea” kabla mama hajamaliza sentensi. Dharau hiyo ina umri sawa na kidonge chenyewe. Kilipofanyiwa majaribio makubwa Puerto Rico kuanzia mwaka 1956, Daktari Edris Rice-Wray, aliyeyasimamia, aliripoti kuwa asilimia 17 ya wanawake walipata kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa au kutapika, akaonya kwamba hayo yalikuwa mengi mno. Gregory Pincus, mmoja wa waasisi wa kidonge, aliona mengi ya malalamiko hayo yanatoka akilini mwa wanawake. Mwaka 1960 kidonge kikaruhusiwa Marekani kama kinga ya mimba, kikiwa na homoni nyingi kuliko vya leo. Mwanamke asiyesikilizwa kliniki atasikilizwa na jirani, na jirani atamwambia apumzike.

Anachostahili kuambiwa ni hiki: kama miezi 3 imepita na hali haijatulia, au haiwezekani kuingoja, abadilishe, na abadilishe bila kuacha pengo. Kwa vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, akimaliza vile 21 vyenye homoni, anaruka vile 7 vya kahawia, ambavyo kwa kawaida ni madini ya chuma tu, na kesho yake anaanza pakiti mpya. Hakuna haja ya kusubiri hedhi. Akihamia aina tofauti kabisa, muuguzi anaweza kumwambia atumie kondomu kwa siku chache za mwanzo.

Lakini ageuze pakiti asome kwanza. Pakiti mbili zenye majina na rangi tofauti zinaweza kubeba dawa ileile. Microgynon, kwa mfano, ina levonogestreli mikrogramu 150 na ethinilestradioli, ambayo ndiyo estrojeni yake, mikrogramu 30, na vipimo hivyohivyo vimo kwenye pakiti nyingi zenye majina mengine. Kuhama kati ya hizo si kubadili kitu. Anayesumbuliwa na kichefuchefu au matiti kuuma huenda akapata nafuu kwa estrojeni pungufu, ingawa matone ya damu yanaweza kuongezeka. Anayenyonyesha mtoto mchanga vinamfaa vile vya projestini pekee. Na anayemeza rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu hasaidiwi na pakiti yoyote, kwa sababu dawa hiyo hupunguza nguvu za vidonge vyote. Huyo anahitaji njia nyingine, kama sindano au kitanzi.

Ipo siku ya kuacha mara moja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata, kichwa kikipasuka kwa namna asiyoijua au macho yakififia ghafla, asimeze kingine. Hapo pia neno si kupumzika. Anakwenda hospitali siku hiyohiyo, pakiti mkononi, na anamwambia daktari anameza vidonge gani, hata kama nyumbani ilikuwa siri.