Uduvi na Majani Yaliyonyong'onyea



Mama mmoja wa Hulugho ametuandikia. Mwanawe aliletewa tangi dogo la samaki kutoka Mombasa. Sasa mimea iliyomo imefunikwa na mwani mwembamba mfano wa nywele, majani yamekuwa manjano, na mtoto huinamia kioo kwa huzuni kila atokapo madrasa. Mama auliza: je, uduvi waweza kuihuisha mimea hiyo?

Naam, kwa masharti. Simaanishi uduvi wa jikoni, kwani huyo wa baharini hufa katika maji matamu. Namaanisha uduvi wa maji matamu, jamaa wa wale wa Ziwa Viktoria ambao Wajaluo huwaita ochonga. Mjapani Takashi Amano ndiye aliyewapatia sifa hii tangu miaka ya 1980. Huchambua jani kutwa kucha, wakila mwani laini na sehemu zilizooza. Jani likisafika, hupata nuru tena.

Lakini uduvi huondoa uchafu, hawaondoi chanzo. Basi, mama mwenzangu, anza na chanzo. Tangi lisikae penye jua. Taa ya saa sita hadi nane kwa siku yatosha. Punguza chakula cha samaki, kwani kinachobaki huoza na kuulisha mwani. Kata majani yaliyokufa.

La tatu ni la nchi kavu kama yenu. Joto linapoyapunguza maji, chumvi hubaki. Anayejazia tu huizidisha chumvi kila juma, hasa kwa maji ya kisima. Tangi la lita 40 litolewe lita 4 kila juma, yatiwe maji safi. Ya mvua yaliyokingwa ni bora. Yaliyotolewa yamwagie mboga.

Hali ikitengemaa kwa majuma kadhaa, ndipo uwatie uduvi. Wasikae na samaki wakubwa, watamezwa. Dawa ya samaki yenye shaba huwaua. Maji yakipita nyuzi 30 hewa huwapungukia, hivyo tangi likae kivulini.

Na ukame ukibisha hodi, maji ni ya watu na mifugo kwanza. Ikiwa huna lita hizo za kila juma, usinunue uduvi. Mweleze mtoto kwa upole. Kiumbe tuliyemfungia kiooni hana kisima kingine cha kuendea. Kulijua hilo, kwa mtoto, ni elimu kubwa kuliko tangi lenyewe.