Punguzo la Ada Halijengi Ndoa

Katika jimbo la Texas nchini Marekani, wachumba wanaokusudia kuoana hawana budi kufika kwanza katika ofisi ya karani wa kaunti ili kuchukua kibali cha ndoa. Wakionyesha cheti kinachothibitisha kwamba wamehudhuria mafunzo ya kabla ya ndoa kwa muda usiopungua saa 8, husamehewa dola 60 za ada ya kibali. Aidha, huondolewa sharti la kusubiri saa 72 baina ya kupewa kibali na kufunga ndoa. Wasio na cheti hulipa ada yote, na husubiri.

Texas haiko peke yake. Florida ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1998, na huko mafunzo ya saa 4 huwapunguzia wachumba ada na kuwaondolea siku 3 za kungoja. Katika jimbo la Minnesota ada ya kibali ni dola 115, lakini waliotimiza saa 12 za mafunzo hulipa dola 40 tu. Katika jimbo la Oklahoma ada ya dola 50 hushuka hadi dola 5. Georgia na Tennessee nazo zimefuata njia hiyo. Hivyo serikali kadhaa za majimbo zimeamua kutumia fedha, ingawa ni kidogo, kuwavuta vijana waketi na kufundishwa kabla ya kuingia katika ndoa.

Yafaa ieleweke kwamba nia ya sheria hizi ni njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 talaka nchini Marekani zilifikia kilele chake, na athari zake zilionekana na kila mtu: watoto waliogawanywa baina ya nyumba mbili, akina mama walioachwa na mzigo wa malezi, na mahakama zilizojaa mashauri ya matunzo na mali. Viongozi wa dini ndio waliotangulia kuchukua hatua. Mwaka 1986, katika mji wa Modesto, California, wachungaji wa madhehebu mbalimbali walikubaliana kutomfungisha ndoa mtu yeyote asiyepitia mafundisho. Serikali zilikuja baadaye. Hapana shaka kwamba wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali inayogharimia mahakama za talaka ina haki, na pengine ina wajibu, wa kuutazama ufa ungali mdogo.

Lakini wema wa nia si kipimo cha sera. Sera hupimwa kwa matokeo yake, na kwa swali la nani anayefaidika na nani anayeachwa nje. Kwa kipimo hicho, punguzo la ada lina kasoro ambazo taifa lolote linalofikiria kuliiga halina budi kuziangalia kwa makini.

Kasoro ya kwanza inahusu mnyonge. Sheria ya Texas ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Septemba 2008. Wakati huohuo ada ya jimbo ilipandishwa kutoka dola 30 hadi dola 60. Maana yake ni kwamba sehemu ya kile kinachoitwa zawadi kwa waliosoma ilitokana na nyongeza waliyotozwa wasiosoma. Basi ni akina nani hao wasiosoma? Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 2009, ambacho ndicho kinachotumika Texas hadi leo, ni dola 7.25 kwa saa. Mfanyakazi wa kima hicho akikosa kazi kwa saa 8, anapoteza dola 58. Wachumba wawili wakikosa kazi pamoja, wanapoteza dola 116 ili wasamehewe dola 60. Ni kweli kwamba yapo mafunzo yasiyotozwa malipo. Hata hivyo, mtu anayelipwa kwa saa hana saa za bure. Karani wa benki atahudhuria siku ya mapumziko na kuondoka na punguzo lake. Mpishi wa hoteli na mfagiaji wa usiku watalipa ada kamili, kisha wataambiwa kwamba hawakuithamini ndoa.

Kasoro ya pili ni ule msamaha wa siku za kungoja. Muda wa kungoja uliwekwa katika sheria ili kuwazuia watu wasikurupuke. Ni jambo la kustaajabisha kwamba waliofundishwa umuhimu wa kutafakari hupewa, kama zawadi, ruhusa ya kuharakisha. Mtetezi wa sheria atajibu kwamba saa 8 za mafunzo ni tafakuri tosha. Jibu hilo lina uzito wake kwa wachumba waliosoma miezi kadhaa kabla ya arusi. Lina uzito mdogo kwa wale waliomaliza somo Jumamosi na kuoana Jumapili.

Kasoro ya tatu, ambayo ni kubwa kuliko hizo mbili, ni kwamba punguzo hupima mahudhurio, wala halipimi maandalizi. Cheti kinamwambia karani kwamba watu wawili walikuwapo darasani. Hakimwambii kama mmoja alieleza madeni yake, kama mwingine alitaja mtoto aliyemzaa kabla, au kama mmoja wao anamwogopa mwenzake. Sheria ya Texas inataka mafunzo yagusie namna ya kumaliza migogoro, mazungumzo baina ya wenzi, na misingi ya ndoa iliyofanikiwa. Hayo ni mambo mema. Lakini Texas ni jimbo ambalo mali nyingi inayochumwa wakati wa ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na hakuna hakika kwamba wachumba wataondoka darasani wakiwa wanalijua hilo. Katika jambo hili Florida imefanya vizuri zaidi. Huko kila anayeomba kibali, awe amesoma au hakusoma, sharti athibitishe kwamba amepata na kusoma kitabu kidogo kinachoeleza haki na wajibu wa wanandoa kwa mujibu wa sheria. Kitabu hicho hakimpunguzii mtu hata senti moja. Kinamfikia tajiri na maskini sawasawa.

Je, mafunzo yenyewe husaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliowahoji watu zaidi ya 3,000 katika majimbo ya Oklahoma, Kansas, Arkansas na Texas, ulionyesha kwamba waliopata mafunzo kabla ya ndoa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuachana, kwa kadiri ya asilimia 31. Takwimu hiyo hupendwa sana na watetezi wa punguzo. Hata hivyo, mtu anayekubali kusoma kabla ya kuoa pengine ni mtulivu kwa tabia, au ana jamaa na jumuiya ya dini inayomshika mkono. Si rahisi kujua ni kiasi gani cha utulivu wa nyumba yake kilitoka darasani, na ni kiasi gani alikwenda nacho.

Ndiyo maana serikali ya Marekani ilifanya majaribio makubwa zaidi. Kwa sheria iliyotiwa saini Februari 2006 zilitengwa dola milioni 150 kila mwaka, kwa miaka 5, kwa ajili ya kuimarisha ndoa na malezi ya akina baba. Katika jaribio moja, wazazi vijana wasiooana wapatao jozi 5,000 waligawanywa kwa kura katika maeneo 8: wengine wakafundishwa, wengine wasifundishwe. Baada ya miaka 3, kwa wastani, hapakuwa na tofauti katika idadi ya waliobaki pamoja. Katika mji wa Oklahoma City familia zilizofundishwa zilishikamana zaidi. Katika mji wa Baltimore, baada ya miezi 15, waliofundishwa walikuwa wametengana zaidi kuliko wasiofundishwa. Jaribio la pili liliwahusu wanandoa zaidi ya jozi 6,000 wa kipato cha chini, waliosaidiwa hata nauli na mtu wa kuwalelea watoto wakati wa darasa. Hao walisema kwamba maelewano nyumbani yaliongezeka kidogo. Idadi ya waliobaki katika ndoa haikubadilika.

Majaribio hayo hayakuwahusu wachumba wanaongojea arusi, kwa hiyo si haki kuyatumia kuyalaani mafunzo ya kabla ya ndoa. Lakini yanafundisha jambo moja: pale ambapo kodi ya nyumba haijalipwa, kazi haina uhakika na mtoto hana daktari, somo la mazungumzo mema lina mpaka wake. Jimbo la Oklahoma lilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1999 Gavana Frank Keating aliweka lengo la kupunguza talaka kwa theluthi moja ifikapo mwaka 2010, na dola milioni 10 zikatengwa kutoka katika fedha za msaada kwa familia maskini. Mwaka 2010 ulifika, na Oklahoma ilikuwa bado miongoni mwa majimbo yenye talaka nyingi. Fedha zilizokusudiwa kuilisha nyumba zilitumika kuifundisha nyumba, na somo halikuziba pengo la chakula.

Liko pia jambo ambalo halipaswi kupitwa kimya. Ndoa nyingine hazistahili kuokolewa kwa gharama yoyote, na uchumba mwingine haustahili kufika kwenye ndoa. Mwanamke aliyekwisha kupigwa kabla ya arusi hahitaji kufundishwa subira. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba mlango ungali wazi na anaweza kuondoka. Sheria ya mwaka 2006 iliwataka wote waliopokea fedha za mafunzo kushauriana na wataalamu wa mambo ya ukatili wa nyumbani. Sharti hilo lilikuwa la busara. Mafunzo mazuri yatavunja baadhi ya uchumba, na serikali inayohesabu mafanikio kwa idadi ya vyeti na vibali haitaweza kuuona ushindi huo katika daftari zake.

Kwa msomaji wa Tanzania, habari hizi za mbali zina mahali pa kugusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe notisi ya siku 21. Sheria hiyohiyo iliunda Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla Baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa hiyo mkono wa dola umekwisha kuwekwa kwenye mlango wa kuingilia na kwenye mlango wa kutokea. Tofauti ni kwamba kwenye mlango wa kutokea mna wazee wanaouliza na kusikiliza, na kwenye mlango wa kuingilia mna tangazo tu. Kanisa lina mafundisho yake, msikiti una nasaha zake, na mwambao una somo na kungwi. Lakini yapo ambayo hao wote hawakupewa jukumu la kuyafundisha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mwanamke asiyeambiwa jambo hilo siku anapoolewa anaweza kulisikia kwa mara ya kwanza siku anapoachwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyojulikana hupotea vivyo hivyo.

Basi somo la Texas ni nini? Serikali inaweza kuwasaidia wanaooana bila ya kuwatoza faini waliokosa nafasi. Mafunzo yatolewe bure, karibu na mahali watu wanapoishi, na kwa saa ambazo mfanyakazi na mkulima wanaweza kuzipata. Yawe ya hiari, kwa kuwa nasaha ya kulazimishwa husikilizwa kwa sikio moja. Yaeleze sheria, mali, madeni, afya na ukatili, na yasiishie katika mahubiri ya kuvumiliana. Aliyekosa kuhudhuria apewe angalau kijitabu chenye haki na wajibu wake, kwa lugha anayoielewa. Na muda wa kungoja usiuzwe, kwa kuwa kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Fedha inayosamehewa katika ofisi ya karani humalizika siku ya arusi yenyewe, pengine kwa kununulia soda za wageni. Ndoa huanza kesho yake. Serikali itakayotaka kuwa rafiki wa ndoa hiyo haina budi kujiuliza kama vijana hao wawili wana kazi, wana mahali pa kulala, na wanajua haki zao. Ikishayajibu hayo, punguzo la ada litakuwa nyongeza nzuri. Isipoyajibu, dola 60 hazitaizuia nyumba isianguke.