Mnunuzi wa drili aangalie betri kwanza

Mavuno yakishauzwa, vitunguu saumu upande wa Mbulu na ngano upande wa Basotu, fedha huanza kuelekea kwenye bati, mbao na dari. Ndipo maduka ya vifaa vya ujenzi ya Katesh, Dongobesh na Haydom huziweka mbele drili za betri, ndani ya masanduku ya plastiki yenye rangi za kuvutia. Kwa maoni ya safu hii, fedha nyingi hapo zinapotea bure, na wanaoumia ni mafundi wenye mtaji mdogo pamoja na wenye maduka wenyewe.

Haja ya chombo hiki haina ubishi. Umeme umesambaa vijijini, lakini nyumba inayojengwa huwa bado haijaingiziwa. Fundi wa dari ya jipsamu hukaza skrubu kwa mamia, na kwa bisibisi ya mkono hiyo ni adhabu. Jenereta nalo linakula petroli, yaani linakula faida yake.

Tatizo ni kwamba mnunuzi anauziwa volti. Mwandishi wa safu hii aliwahi kununua drili iliyoandikwa 48V. Ilipokata roho baada ya miezi michache aliifungua betri na kukuta seli 5 tu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli 5 ni volti 18, au 21 zikiwa zimetoka kwenye chaji. Hivyo basi 18V, 20V na 21V ni kitu kimoja chenye majina matatu, na ile 48 ilikuwa porojo ya biashara.

Cha kuuliza ni ampea-saa, ile namba yenye herufi Ah. Volti 18 kwa Ah 2 ni wati-saa 36. Kwa Ah 4 ni 72, yaani kazi maradufu kwa chaji moja. Aidha, ulizia mota isiyotumia kaboni. Bei yake iko juu, lakini haipotezi nishati nyingi kwa joto, na fundi wa kila siku atairudisha.

Hata hivyo, betri ndiyo hufa kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, drili na betri 2 ni shilingi 200,000, na betri moja ya akiba ni 60,000. Mwenye drili ya 120,000 ambayo betri yake haiuzwi popote hajaokoa 80,000. Siku betri inapokufa, amepoteza 120,000 zote. Ndiyo maana fundi hana budi kununua jina ambalo betri yake inapatikana Babati au Arusha, na itakayoingia pia kwenye msumeno na grainda atakavyonunua baadaye. Makita, kwa mfano, walianzisha mfumo wao wa lithiamu wa volti 18 mwaka 2005, na betri zake bado zinatengenezwa. Ila jina kubwa huvuta bidhaa bandia, kwa hiyo dai risiti na dhamana ya maandishi.

Mwenye nyumba anayetaka kutundika pazia na kukaza bawaba asibebeshwe mzigo wa fundi. Volti 12 zinamtosha. Kutoboa zege la lenta ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya drili nzito ya nyundo, na kuikodi siku moja ni nafuu kuliko kuua ndogo.

Kwa wenye maduka, neno letu ni kali kidogo. Duka lenye majina manane ya drili na betri ya akiba hata moja halipo, limefunga mtaji wake bila sababu. Majina mawili yanatosha, mradi betri na chaja ziuzwe peke yake. Kadhalika, betri ya lithiamu inayokaa rafuni hupungua chaji taratibu, na ikiisha kabisa huharibika kabla ya kuuzwa. Zichajiwe hadi nusu kila baada ya miezi michache, na mteja aruhusiwe kukaza skrubu ya inchi 4 kwenye kipande cha mbao kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anajua anachouza.