MALI YA WOTE, FUNGUO ZA NANI?

Yapo mambo ambayo mfanyakazi hayaoni, na kumbe ndiyo yanayoendesha kazi yake. Mshahara wake huhesabiwa, cheti chake cha hospitali huhifadhiwa na barua yake hupelekwa na kompyuta ambazo hajapata kuziona, zilizofungiwa katika vyumba vya baridi. Nyingi katika kompyuta hizo huendeshwa na Linux, na Linux ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuyasoma maandishi yake ya asili, kuibadili, na kumpa mwenziwe. Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki, nchini Finland. Walioijenga tangu hapo ni maelfu ya watu wa mataifa mengi.

Mali kama hii, iliyo ya wote, haina budi kuwafurahisha wale waishio kwa jasho lao. Lakini liko swali moja ambalo husahauliwa katika furaha hiyo, nalo ndilo tupendalo kuliuliza leo. Ikiwa mali ni ya wote, funguo za ghala zimo mfukoni mwa nani?

Maana Linux peke yake ni kiini tu. Yapasa iunganishwe na programu nyingine nyingi, zijaribiwe pamoja, zilindwe na wezi wa siku hizi, na zitengenezwe kila kosa linapoonekana, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mikusanyo yenye majina mbalimbali: Debian, Ubuntu, Fedora, CentOS na mingineyo. Baadhi hutunzwa na jumuiya za watu wa kujitolea, baadhi na makampuni. Hapa ndipo penye fedha, na hapa ndipo penye ugomvi.

Habari ya CentOS yaonyesha jambo hili waziwazi. Kampuni ya Red Hat ya Marekani, iliyoanza mwaka 1993, huwauzia serikali na makampuni makubwa mkusanyo wake. Kwa hakika haiuzi programu yenyewe, kwa kuwa ni huria. Huuza matengenezo, ulinzi, na ahadi ya kuutunza mkusanyo huo kwa miaka kumi. Tangu mwaka 2004 watu wa kujitolea waliyachukua maandishi ya programu hizo, ambayo Red Hat iliyatoa hadharani, wakaondoa jina na alama za kampuni, wakaziunda upya, wakazigawa bure kwa jina la CentOS. Hapakuwa na wizi wala hila. Leseni iliwaruhusu, na Red Hat yenyewe ilijengwa juu ya kazi za watu wengine kwa ruhusa hiyo hiyo.

Vyuo, mashirika madogo na wakodishaji wa seva wakauchukua mkusanyo huo kwa shukrani. Lakini nyumbani kwa CentOS mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2009 wajenzi wake walilazimika kumwandikia barua ya wazi mwenzao mmoja aliyekuwa haonekani, hali jina la mradi katika intaneti na fedha za michango vimo mikononi mwake. Shauri hilo lilikwisha kwa mazungumzo. Kisha toleo lao la sita likachelewa miezi minane baada ya lile la Red Hat, kwa kuwa mikono ilikuwa michache na kazi ilikuwa nyingi. Basi Januari 2014 Red Hat ilipobisha hodi, ikaahidi mishahara na mitambo, ilifunguliwa mlango. Baadhi ya wajenzi wakuu wakawa waajiriwa wake, na jina la CentOS likawa alama ya biashara ya Red Hat.

Sisi tuliosomeshwa misheni twaikumbuka habari ya Esau aliyerudi kutoka nyikani amezimia kwa njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Tulipokuwa watoto tulimcheka sana Esau. Ukiwa mtu mzima mwenye familia, na umefanya kazi usiku kwa miaka kumi bila ujira, humcheki tena.

Mwezi Julai 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat kwa dola za Kimarekani bilioni 34. Mwezi Septemba mwaka huo toleo la nane la CentOS likatoka, na watu wakaambiwa litatunzwa hadi mwaka 2029. Wakalipokea, wakahamisha kazi zao. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo: toleo hilo litakoma mwisho wa mwaka 2021. Zaidi ya miaka saba ya ahadi ilifutwa. Mahali pake ungekuwapo mkusanyo uitwao CentOS Stream, ambao huonyesha yale Red Hat inayokusudia kuyatia katika matoleo yake yajayo. Yaani wale waliozoea kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa wangetakiwa watangulie mbele.

Wengi walimnyoshea kidole IBM. Red Hat ilisema uamuzi ni wake yenyewe. Kwetu sisi tofauti hiyo si kubwa. Kubwa ni kwamba uamuzi ulikuwa wa mmoja, na watumiaji wa dunia nzima hawakuwa hata na pa kupeleka kura yao.

Msiba huo uliwapata hata wenye elimu kubwa. Maabara ya Fermilab iliyo karibu na Chicago, pamoja na CERN ya Geneva, walikuwa na mkusanyo wao wenyewe tangu mwaka 2004, ukiitwa Scientific Linux, uliotumika kuchunguza mambo madogo kabisa ya maumbile. Aprili 2019 Fermilab ilitangaza kwamba haitaunda toleo jipya; itatumia CentOS ya nane. Kwa nini walime shamba la pili, na la jirani lipo na limestawi? Miezi ishirini baadaye jirani akatangaza kwamba shamba limefungwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, wasema wazee, nao hawakupata kuona kompyuta.

Mambo hayakuishia hapo. Tarehe 21 Juni 2023 Red Hat ilitangaza kwamba maandishi ya mkusanyo wake wa biashara hayatatolewa tena hadharani kama zamani. Yatakayoonekana na watu wote ni yale ya CentOS Stream. Wateja wataendelea kuyapata, lakini mkataba wao waieleza kampuni kuwa na uwezo wa kuusimamisha uhusiano na mteja atakayeyagawa. Wanasheria wabishane kama jambo hilo lapatana na leseni. Mtu wa kawaida aona hivi: una haki ya kusema, lakini ukisema utafukuzwa.

Haki yadai tuieleze hoja ya kampuni. Red Hat yasema kwamba huwalipa mafundi wengi, kwamba matengenezo yao hurudi kwa jumuiya, na kwamba mtu anayenakili tu bila kuongeza kitu hudhoofisha chanzo cha mishahara hiyo. Hoja hii si ya kupuuzwa, hasa na gazeti la wafanyakazi. Sehemu kubwa ya kiini cha Linux huandikwa leo na watu wanaolipwa na makampuni, na pasipo mishahara hiyo tungekuwa nyuma sana. Lakini na tukumbuke kwamba Aprili 2023, miezi miwili kabla ya tangazo lile, Red Hat hiyo hiyo ilitangaza kupunguza karibu asilimia 4 ya wafanyakazi wake. Ujira wa fundi ulikuwa hoja nzuri dhidi ya wanakili; haukuwa kinga ya fundi mwenyewe.

Wakatokea watetezi, na wengine walikuwa wa kuchekesha. Oracle, kampuni iliyopigana na Google mahakamani tangu mwaka 2010 hadi 2021 kwa ajili ya Java, ilijitokeza Julai 2023 kuhubiri uhuru wa Linux. Chui naye aweza kuhubiri habari za kondoo, lakini mkutano hauna budi kuketi karibu na mlango.

Watetezi wa maana walikuwa wawili. Wa kwanza ni Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, akaipa jina la mwasisi mwenziwe aliyekwisha kufariki. Wa pili ni AlmaLinux, iliyotoka Machi 2021. Hii ilianzishwa na kampuni, CloudLinux, iliyoahidi dola milioni moja kwa mwaka. Lakini kampuni hiyo ilifanya jambo ambalo makampuni hulifanya kwa nadra. Iliukabidhi mradi kwa taasisi isiyo ya faida, yenye wanachama, na wanachama hao huchagua wajumbe wa baraza. Red Hat ilipofunga mlango mwaka 2023, AlmaLinux haikulia sana. Ilitangaza Julai kwamba haitashikilia tena kufanana na Red Hat kosa kwa kosa. Itahakikisha tu kwamba programu zinazokwenda juu ya mmoja zinakwenda juu ya mwingine, na makosa itayatengeneza yenyewe. Desemba 2022, kabla ya hayo, CERN na Fermilab walikuwa wamekwisha kuichagua. Mara hii walichagua shamba lenye baraza.

Hata hivyo mkusanyo unaofuata nyayo za kampuni, hata ukiwa na baraza, bado humtazama kiongozi wa msafara anageukia wapi. Ndiyo sababu sisi twaielekeza macho Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Debian haina mwenye hisa. Tangu mwaka 1997 ina mapatano yake na jamii, yaliyoandikwa, na tangu mwaka 1998 ina katiba. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka na wajenzi wapatao elfu moja, nao waweza kuutengua uamuzi wake kwa kura. Jina lake na fedha zake hutunzwa na shirika lisilo la faida, wala si na mtu mmoja kama yaliyotokea CentOS mwaka 2009.

Asidhani msomaji kwamba huko ni peponi. Mwaka 2014 wajenzi wa Debian waligombana vikali kuhusu programu iwashayo mfumo, baadhi wakaondoka wakaunda mkusanyo wao, Devuan. Mwaka 2022 walipiga kura kama yafaa kutia katika diski za kusimika programu zisizo huria, ambazo vifaa vingi haviwaki bila hizo. Waliokubali walishinda. Wapo waliohuzunika, na sisi twawaelewa. Lakini ugomvi ulifanyika hadharani, kura zikahesabiwa, na kila mtumiaji aliyetaka aliweza kusoma kila neno kabla ya uamuzi. Linganisha na tangazo la tarehe 8 Desemba.

Tena Debian huwalisha hata matajiri. Ubuntu, mkusanyo wa kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umejengwa juu yake tangu mwaka 2004. Jina hilo ni ndugu wa neno letu utu, na kwa miaka kadhaa kampuni ilituma diski kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, jambo la kushukuriwa. Lakini Oktoba 2012 watu waligundua kwamba maneno wanayotafuta ndani ya kompyuta zao wenyewe yalipelekwa nje na kurudisha bidhaa za Amazon. Kampuni ilishikilia hivyo hadi mwaka 2016 ilipoliacha liwe hiari. Leo husambaza programu kwa njia ya Snap, ambayo ghala lake kuu ni lake peke yake. Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, iliikataa njia hiyo mwaka 2020.

Twakiri kwamba jumuiya nayo ina jeraha lake, na jeraha hilo ni ujira. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa hila ndani ya xz, programu ndogo ya kufinyaza mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Aliyekuwa akiitunza kwa kujitolea alikuwa amechoka; akaja mtu asiyejulikana, akamsaidia kwa muda mrefu, akaaminiwa, kisha akatia sumu. Aliyeiona hila hiyo ni Andres Freund, akijaribu jambo jingine juu ya Debian, naye ni mwajiriwa wa Microsoft. Wapenda mapinduzi ya mdomo na walitafakari hilo. Kutumia kazi ya mwenzio miaka ishirini bila kumpa hata senti, kisha ukajiita mwanajumuiya, ni unyonyaji uliovaa nguo nyingine.

Kwa hiyo vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na ofisi zinazokusudia kununua seva mwaka huu visiulize bei tu. Viulize jina la mkusanyo ni mali ya nani, nani hulipwa kuutengeneza, na uamuzi wa kuukomesha hupigiwa kura na nani. Na zile fedha ambazo hazikulipwa kwa leseni, sehemu yake iandikwe katika makadirio kwa ajili ya wajenzi, na fundi wa ofisi apewe saa za kazi za kuwaandikia makosa aliyoyaona na kuyatengeneza anayoyaweza.

Kuna na haraka ndani yake. CentOS ya saba, iliyo ya mwisho kutunzwa kwa desturi ya zamani, ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Seva iliyobaki nayo huwaka vema, hutoa hati za mishahara, hailalamiki, wala haipokei tena tengenezo la bure kutoka kwa mradi huo. Kesho asubuhi, ndugu, mwulize fundi wa ofisi yenu seva yenu yaendeshwa na kitu gani.