Kuku wa Parmesan na kuku wa Kasanda



Siku hizi mjini kuna watu wanaona kuku wa Parmesan ndiyo kilele cha ustaarabu. Sina ugomvi naye. Kidari kinapondwa, kinachovywa kwenye unga, yai na chenga za mkate, kinakaangwa, kisha kinafunikwa sosi ya nyanya na jibini. Protini ipo tele. Mafuta na chumvi navyo vipo, tena vingi.

Lakini mnajua asili yake? Watu wa kusini mwa Italia walipika bilinganya namna hiyo. Mamilioni yao walihamia Marekani kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakakuta nyama si ghali kama kwao. Bilinganya ikampisha ndama, akaja na kuku. Ni chakula cha maskini waliopata unafuu.

Sasa twende Kasanda, upande wa Kakonko. Kuku wa kienyeji anajitafutia uani kwa miezi, wakati wa kisasa anachinjwa baada ya wiki tano au sita. Nyama ngumu, lakini mchuzi wake jamani! Muunge kwa nyanya, kitunguu na mawese kutoka kule ziwani. Ule wekundu wa mawese ni karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na kinga. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeiua. Na usimimine ovyo, maana karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, si rafiki wa moyo.

Kwa hiyo kwa lishe hatuna cha kuonea aibu. Swali langu ni moja: nani anamla huyo kuku? Katika kaya nyingi za vijijini mama anafuga, kuku na mayai vinaingia kwenye tenga kwenda mjini, pesa inanunua chumvi na sabuni. Mtoto anabaki na ugali wa muhogo, ambao unashibisha lakini protini yake ni kiduchu. Maharage yakikosekana, basi tena.

Mwitaliano alipopata unafuu aliongeza nyama kwenye sahani ya wanawe. Sisi tunaipunguza ili wa mjini atambe. Nasema hivi: kabla trei halijajaa, mtoto apate yai lake kwanza. Uzeni yanayobaki.

Naomba kutoa hoja.