Nyumba Imelipiwa, Hati Haijafika

Ni machache katika maisha ya familia yanayobeba akiba ya miaka mingi kama ununuzi wa nyumba. Na katika ununuzi huo, hakuna kipindi kizito kuliko kile kilicho baina ya siku fedha zinapotoka mkononi na siku hati inaporudi ikiwa na jina la mnunuzi. Muuzaji akipigiwa simu hujibu kwamba jambo linashughulikiwa. Ofisi ikiulizwa husema jalada halijakamilika. Baba hunyamaza, mama huingiwa na shaka, na watoto wamekwisha kuiita nyumba ile "kwetu".

Wahenga wametuachia kauli mbili. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni za kweli, na busara ni kujua wakati wa kila moja. Juma hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Tanzania Bara namna ya kupambanua ucheleweshaji wa kawaida na ule unaopaswa kumwamsha mtu usingizini.

Tuanze na msingi. Watu wengi hudhani kwamba mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili ndio mwisho wa safari. Sivyo. Kwa nyumba iliyo juu ya ardhi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, milki haihami mpaka uhamisho uandikwe katika daftari la Msajili wa Hati. Kabla ya kufika hapo zipo hatua kadhaa. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa yote. Thamani ya mali ifanyiwe uthamini na kuidhinishwa. Zijazwe fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, ili Kamishna wa Ardhi aridhie na uhamisho uandikwe. Mamlaka ya Mapato ipokee kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa muuzaji mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata, pamoja na ushuru wa stempu. Hapo ndipo Msajili hufungua daftari lake.

Kila hatua yaegemea iliyoitangulia. Moja ikikwama, zote hukwama. Kwa hiyo swali la kuuliza si "hati itatoka lini?" bali "jalada liko hatua gani, na linamsubiri nani?" Likiwa linasubiri uthamini au saini ya ofisi, hilo ni jambo la kufuatilia kwa upole na kwa tarehe zilizoandikwa. Lakini likiwa linamsubiri muuzaji, hali ni nyingine.

Na mara nyingi humsubiri muuzaji. Huenda ana malimbikizo ya kodi ya pango ambayo hakuyataja. Huenda fedha zote alikwisha kuzipokea na kuzitumia, na sasa hana cha kulipia kodi ya faida. Huenda hati iko benki kwa rehani. Huenda nyumba ni ya ndoa na mkewe hakushirikishwa, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamzuia mwanandoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Au hati bado ina jina la marehemu baba yake, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuchelewa kwa aina hii hakuponywi na subira, kwa sababu hakuna mtu anayelifanyia kazi.

Dawa yake huanza kabla ya malipo. Mnunuzi aombe taarifa rasmi ya daftari kwa Msajili, ili aone jina la mmiliki na kama mali ina rehani au zuio. Aonane na mke au mume wa muuzaji, na ridhaa iandikwe. Fomu zote zisainiwe siku moja na mkataba. Mkataba utaje nani atalipa kodi ipi, kwa muda gani, na nini kitafuata muda huo ukipita. Tena bei isilipwe yote kwa mkupuo: sehemu yake ibaki mpaka kodi zilipwe na uhamisho usajiliwe. Muuzaji mwaminifu hatalichukia sharti hilo, maana naye analindwa nalo. Anajua haki yake ipo na itamfikia lini.

Kwa aliyekwisha kulipa naye anasubiri, mlango haujafungwa. Mwenye maslahi katika ardhi iliyosajiliwa aweza kuomba zuio liandikwe katika daftari, ili mali isihamishiwe mwingine bila yeye kupewa taarifa. Aende kwa wakili mapema, na amwandikie muuzaji barua badala ya kumpigia simu peke yake. Simu haiachi ushahidi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu moja kubwa: mauti hayangoji usajili. Muuzaji akifariki kabla ya uhamisho, daftari bado lasema nyumba ni yake. Warithi wake, wengine wakiwa yatima wasiojua lolote, wataihesabu katika mirathi, na mnunuzi atalazimika kudai mbele ya msimamizi na pengine mahakamani. Ugomvi huo huwaumiza watu wasio na hatia wa pande zote mbili. Na mnunuzi akifariki, mjane wake atadai nini ikiwa hajui hata bahasha ya risiti iko wapi?

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa nyumba: jambo hili lisiwe siri ya mtu mmoja. Mke na watoto wakubwa wajue mkataba uko wapi, wakili ni nani, kiasi gani kimelipwa na kipi kimebaki. Si kutoaminiana kuandikiana na kuweka mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu jambo hilo hilo la kuandikiana madeni. Na waliotutangulia walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi msomaji wetu, ikiwa unayo nyumba uliyoilipia na hati haijafika, fungua kabati leo. Soma jina lililo juu ya hati. Kisha, ofisi zikifunguliwa, nenda ukaulize jalada linamsubiri nani.